Jibu: Maisha yalikuwaje katika mji wa kiwanda kimoja?

Ndugu, umeuliza watu waliishije katika miji midogo iliyozaliwa na kiwanda kimoja. Tazama New Lanark, Uskoti. Usokotaji wa pamba ulianza pale mwaka 1786, mitambo ikiendeshwa na maji ya mto Clyde. Nyumba, duka, shule, vyote vya mwajiri, kwa hiyo tabia ya bosi mmoja iligusa kila jiko. Robert Owen, aliyeshika usimamizi mwaka 1800, alikataa kuajiri watoto wa chini ya miaka 10, na mwaka 1816 akafungua shule ya watoto wadogo, wakifundishwa hata kuimba na kucheza dansi. Faida ya duka ilisaidia kuigharimia shule hiyo! Hilo hunigusa sana. Viwanda vilifungwa 1968, lakini watu bado wanaishi pale.