Umeombwa usaidie kompyuta kwenye swimming ya chuo? Anza na wale wazazi wenye vibonyezo

Huu msimu wa nne najitolea kwenye mashindano ya kuogelea ya chuo kimoja huku Marekani, kazi yangu ni kukaa pembeni ya bwawa na laptopu nihakikishe muda unaonekana kwenye skoribodi na matokeo yanatoka. Silipwi, napewa tisheti na pitsa. Kuogelea nimejifunzia Raskazone, Tanga, hizo staili zao nimezijulia ukubwani, kwa hiyo kama hujui swimming usiogope, wanachotaka ni mtu asiyepaniki.

Ila ule mtambo wa kupima muda usiuamini peke yake. Mwogeleaji akimaliza anagusa pedi iliyoning'inizwa ukutani, pedi ndo inasimamisha saa, sasa kuna watu wanagusa kwa ncha za vidole kama wanaonja uji wa moto na pedi haisikii kitu. Mwaka wangu wa kwanza, leni ya 4, yadi 100 butterfly, binti wa watu kamaliza wa pili, bwawa zima limeona, saa yake inakimbia tu! Pedi ikikataa unarudi kwa wale wazazi wanaosimama nyuma ya leni na vibonyezo (vitufe vya kusimamisha saa kwa mkono), vikiwa vitatu unachukua muda wa katikati, viwili unatafuta wastani. Siku hiyo leni 4 ilikuwa na kimoja, na mama aliyekishika alikuwa anapiga picha (mwanae yuko leni ya 5, ningemlaumu vipi). Tukaokolewa na mzee mmoja mwenye stopuochi ya mkononi.

Siku hizi nafika mapema, napiga magoti nagusa kila pedi kwa mkono, katikati na pembeni, huku nachungulia kama mtambo unasoma. Halafu nawasalimia wazazi mmoja mmoja, nawaambia simu mfukoni, sogea ukingoni, angalia ukuta usiangalie mtoto.

Laptopu nayo, zima apdeti usiku wa kuamkia mashindano. Ile adapta ya waya wa mtambo kwenda USB ichomeke tundu lile lile kila siku, ukibadilisha inaweza kupewa namba nyingine ya COM (namba ambayo programu inautafutia mtambo) na programu ikakaa kimya kama imenuna. Mimi tundu langu nimelibandika plasta.

Kupiga mbizi toka ubaoni hakuna pedi, hatari ni vidole vyako kwenye kibodi. Majaji wakiwa 5, alama ya juu na ya chini zinatupwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa mara ugumu wa dive, mfano 6.5, 7 na 7 ni 20.5, ugumu 2.0 unapata 41. Sasa kila dive ina kodi yake, 103B na 103C tofauti ni herufi tu, B mwili umekunjwa kiunoni miguu imenyooka, C magoti yamekunjwa, na ugumu wake sio mmoja. Msomee karani kwa sauti kabla hujaingiza. Mimi niliwahi kuweka C pa B, kocha wa wageni alikuwa mezani kwangu kabla binti hajatoka majini.