Jibu: Dalali akisema "faida asilimia 9" ana maana gani?

Ndugu yangu, hiyo asilimia 9 uliyotajiwa kwa fleti ya Bamburi, Mombasa, ni pato ghafi tu: kodi ya nyumba ya shilingi 45,000 kwa mwezi mara miezi 12 ni 540,000, gawanya kwa bei ya milioni 6. Hesabu ni sahihi, lakini haijagusa gharama hata moja.

Tafuta pato halisi. Toa mwezi mmoja nyumba ikikaa bila mpangaji, zibaki 495,000. Toa ada ya ulinzi, taka na lifti, tuseme 72,000 kwa mwaka. Kisha matengenezo, na hapa Pwani usiyadharau: chumvi inakula grili na mabomba, rangi ya nje haidumu. Weka 51,000. Umebaki na 372,000, yaani asilimia 6.2. Hiyo ndiyo ya kulinganisha fleti ya Bamburi na ya Nyali.

KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, nao wanachukua asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba uliyopokea, kabla hujatoa gharama yoyote. Na siku ya kununua kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini, basi usigawanye kwa milioni 6 kamili.

Ukichukua mkopo, angalia pesa inayobaki mkononi kila mwezi. Pato halisi hapo ni 31,000. Benki ikidai 38,000, utaongeza 7,000 mfukoni mwako, na ile asilimia 7.5 ya KRA bado hujaitoa.

Mwambie dalali akuonyeshe risiti za ada za mwaka mzima kabla hujalipa hata shilingi.