Istilahi za visima vya mafuta: fuata mafuta, weka orodha pembeni

Vijana wanaoingia kwenye kazi za uchorongaji huniuliza waanze kukariri orodha gani ya istilahi. Mimi huwaambia waiache kwanza. Yafuate mafuta tangu yanapoiva mpaka yanapotoka, na kila neno utalikuta mahali pake.

Yanaiva ndani ya mwamba chanzo, aghalabu mwambatope wenye mabaki ya viumbe vidogo vya majini, joto likiwa kati ya nyuzi 60 na 120 za Selsiasi hivi. Likizidi hapo, gesi ndiyo hutawala. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji yaliyojaa miambani, hupanda hadi kwenye mwamba hifadhi, mara nyingi wa mchanga au chokaa, ulio chini ya mwamba kifuniko. Umbo linaloyazuia yasipande zaidi ndilo mtego. Kikosekane kimoja tu, kisima ni kikavu. (Kisima "kikavu" chaweza kujaa maji ya chumvi, usishangae.)

Uwazi na upenyezaji vinachanganya wengi. Uwazi ni kiasi cha matundu yaliyomo mwambani. Upenyezaji ni urahisi wa kitu kupita kutoka tundu hadi tundu. Mwambatope waweza kuwa na uwazi mkubwa na bado usipitishe karibu chochote. Mtu akijisifu kwamba mwamba wake una uwazi wa asilimia 20, muulize una milidarsi ngapi, yaani kipimo cha upenyezaji.

Ukifika kwenye mtambo wa kuchorongea, jifunze tope kabla ya mashine, yaani majimaji mazito yanayozungushwa kisimani. Hushuka ndani ya mabomba, hutokea kwenye kichwa cha kuchorongea, kisha hupanda kando ya bomba likibeba punje za mwamba. Bentonaiti, aina ya udongo, hulipa unato; baraiti, madini mazito, huliongezea uzito, na uzito huo ndio unaozuia majimaji ya miamba yasivamie kisima. Tope likiongezeka matangini bila mtu kuongeza kitu, huenda majimaji hayo yameanza kuingia: kazi husimama, kisima kikaguliwe. Uvamizi usipodhibitiwa, kisima hufumuka, kama ilivyotokea kwa mtambo wa Deepwater Horizon kwenye Ghuba ya Meksiko mwezi Aprili 2010, watu 11 wakafa.

Kazi niliyoipenda ni ya punje: unaziosha kwenye chekeche, unaziweka chini ya taa ya urujuanimno, na zenye mafuta zinang'aa manjano au samawati. Lakini punje uliyoishika ilikatwa kitambo. Kisima kikiwa kirefu, huweza kuchukua saa nzima au zaidi kufika juu, kwa hiyo kwenye mfuko andika kina ilikokatwa, si kina kinachochorongwa sasa hivi.

Na kina chenyewe kiko cha aina mbili. Kisima kilichopindishwa chaweza kuwa na mita 4,000 za bomba huku kikiwa mita 2,500 tu kwenda chini wima. Ukikokotoa kanieneo la tope, tumia hicho cha wima.

Mwisho, takwimu. Ukisoma kwamba zimegunduliwa futi za ujazo trilioni kadhaa za gesi, tazama kama ni gesi iliyopo ardhini, inayoweza kutolewa, au akiba iliyothibitishwa. Ya kwanza ndiyo kubwa zaidi, nayo ndiyo wanasiasa hupenda kuitangaza. Akiba ni ile tu inayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei na teknolojia iliyopo.