Bonsai ndani ya nyumba za mawe Lamu: tuanze na mwanga

Dadangu uliyeuliza kuhusu juniperi yako (mti wa jamii ya msaiprasi, uliodumazwa chunguni kwa mtindo wa bonsai), ile uliyoinunua Nairobi ukaiweka kwenye kidaka, yaani kishubaka cha ukutani, cha sebuleni huko mtaa wa Mkomani na sasa inageuka rangi ya kutu: nimesoma waliokujibu. Nusu wanasema ongeza maji, nusu wanasema punguza. Mimi nalea bonsai hapa hapa Lamu kwa muda mrefu sasa, na ningeanza kwa kuuliza mti unapata mwanga kiasi gani.

Nyumba zetu zilijengwa kulikimbia jua. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, madirisha ni machache, na kwa kuwa tuko kama nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana hukaa utosini; halipenyi dirishani likafika mbali. Kidaka kinapendeza kwa picha, hasa chokaa nyeupe ikiwa nyuma ya majani, lakini kwa mmea pale ni stoo. Jicho la mtu huzoea kiza, jani halizoei. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka mti ukae, kisha nyoosha mkono juu yake. Kivuli cha vidole kikitokea wazi, panafaa. Kikiwa ukungu tu, hapafai.

Panapofaa katika nyumba ya mawe ni kiwanda, yaani ule ua wa ndani ulio wazi juu, au ukingo wa msana, yaani baraza inayoutazama ua huo. Wageni wakija Ijumaa, ingiza mti sebuleni usifiwe, kisha urudishe. Hata Japani mti huishi nje, na huingizwa ndani kwa siku chache za maonyesho tu.

Kuhusu juniperi yenyewe sikupi matumaini makubwa. Zinazouzwa kama bonsai kwa kawaida ni za nchi za baridi, zinahitaji miezi kadhaa ya baridi ili zipumzike, na sisi hata usiku wa Julai ni nyuzi 20 na ushei. Tena zina hila: hubaki kijani wiki kadhaa baada ya mizizi kufa. Kwangua gome kwa ukucha, tawini kwanza halafu kwenye shina. Chini yake pakiwa kijani kibichi, peleka mti kiwandani leo hii. Pakiwa kahawia na pakavu, chungu chako bado kizima, kitumie.

Tia mti wa kwetu. Miti ya jamii ya mkuyu ndiyo inayovumilia zaidi mwanga hafifu, na miche yake hujiotea bure kwenye nyufa za kuta kuukuu. Ukiing'oa ikiwa midogo mwenye nyumba atakushukuru. Mkwaju una majani madogo yanayoendana na umbo dogo, ila unataka jua la moja kwa moja. Mbuyu na waridi la jangwani hunenepa shina upesi, lakini vikipukutisha majani punguza sana maji, la sivyo vinaoza.

Sasa hayo maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na ukoko mweupe juu ya udongo ni dalili yake. Kinga maji ya mvua wakati wa masika, uyaweke kwenye mapipa yenye vifuniko. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwaga mengi mpaka yatiririke kwenye matundu ya chini, maana kunyunyiza kidogo kidogo huacha chumvi yote ndani. Usimwagilie kwa ratiba. Chomeka kijiti cha mshikaki, ukichomoe: kikitoka na unyevu, subiri. Kaskazi ikivuma, kagua asubuhi na jioni.

Udongo wa shambani hugandamana kwenye chungu kifupi. Mimi naponda matofali ya udongo au vigae, nachekecha vumbi litoke, nabaki na punje za milimita 3 hadi 5, kisha nachanganya na mboji kidogo. Mchanga wa pwani usiuguse, una chumvi. Vifusi vya nyumba pia hapana, kwani ni matumbawe na chokaa, na mti hushindwa kufyonza madini ya chuma: utaona jani manjano, mishipa kijani. Mbolea? Samadi ya punda haikosi hapa, ila iwe imeoza kabisa, na kiduchu.

Tuma picha ya shina ukishalikwangua, na nyingine ya chungu kwa chini. Baadhi ya hivi vya dukani havina tundu, na kokoto za juu zimegandishwa kwa gundi. Kama chako ndivyo kilivyo, zing'oe na utoboe matundu kabla hujamwaga tone jingine.