Barua ya mkandarasi: malalamiko, dai au mgogoro?

Swali: Ninaandika barua za kampuni ya ujenzi. Mhandisi msimamizi alichelewa kutukabidhi michoro ya msingi, kazi ikasimama. Nimeandika "malalamiko", mwenzangu anasema ni "dai", bosi anataka "mgogoro" ili barua iwe na uzito. Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwenzako.

Anayelalamika anatoa dukuduku, na anaweza kuishia kupewa pole tu. Anayedai anataka haki aliyopewa na mkataba: siku za kuongezewa au fedha za kulipwa, tena kwa kifungu anachokitaja. Mgogoro hapo bado haujazaliwa. Huzaliwa dai likishakataliwa, lote au sehemu yake, na mdai asiridhike. Bosi wako akiutangaza leo, anamgombeza mtu ambaye hajakataa kitu.

Tofauti hii ina uzito wa kisheria. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, katika toleo la 2017 imeweka madai kwenye kifungu cha 20 na migogoro kwenye cha 21. Mdai ana siku 28 za kutoa taarifa, tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio. Zikipita, haki yenyewe inaweza kupotea. Na taarifa lazima ijitaje kuwa ni taarifa. Sasa fikiria barua yenye kichwa "Malalamiko" inapokuja kubishaniwa kama ilikuwa taarifa ya dai au la! Kama mkataba wenu ni mwingine, someni siku zake humo.

Ila linalonisumbua zaidi ni kitenzi chenyewe, maana naona kikiharibu barua nzuri. "Tunadai nyongeza ya siku 15" ni sawa kabisa: kudai kitu ni kukitaka kwa haki. Lakini "tunadai kwamba michoro ilichelewa" inakudhoofisha wewe mwenyewe. Ukiweka "kwamba", kudai kunakuwa kusema jambo lisilothibitishwa, kama magazeti yanavyoandika juu ya mshukiwa. Kuchelewa kwa michoro ni tukio lenye tarehe. Lieleze wazi, kisha udai haki inayotokana nalo:

"Hii ni taarifa ya dai. Michoro ya msingi iliyotakiwa tarehe 3 tuliipokea tarehe 18. Kwa hiyo tunadai nyongeza ya muda wa siku 15 kwa mujibu wa kifungu cha…"

Chunga pia "kudaiwa". "Mkandarasi anadaiwa fedha" maana yake ana deni. "Mkandarasi anadaiwa kuchelewesha kazi" maana yake anatuhumiwa. Ukitaka kusema mwenye mradi ndiye hajalipa, andika "tunamdai mwenye mradi", usiache msomaji akisie nani anamdai nani.

Na upatanisho wa kisarufi: dai hili limewasilishwa, madai haya yamewasilishwa. "Dai yetu" naiona kila mara kwenye barua za saiti. Sahihi ni "dai letu".