Kupanga muda wa taa za barabarani kwa SUMO: hesabu kwanza, programu baadaye

Programu za kuiga mwendo wa magari hazikatai kazi. Ukizilisha takwimu mbovu, zitakuchorea magari yakipita vizuri na kukupa sekunde za kijani hadi desimali. Kwa hiyo anayepanga taa za makutano atumie muda wake mwingi kabla ya kuiambia kompyuta itafute mpango bora.

Kwenye kuchagua programu sitakawia. SUMO, ya taasisi ya anga ya Ujerumani DLR, imekuwapo tangu 2001, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Vissim na Aimsun ni za kulipia. Synchro na TRANSYT zimelenga zaidi mgao wa kijani na uratibu wa taa. Anayeanza atosheke na SUMO. Mifano yote hapa ni yake.

Anza barabarani. Hesabu magari kwa vipindi vya dakika 15, ukitenganisha wanaonyoosha, wanaokata kulia na wanaokata kushoto. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: saa ya msongamano, ukihesabu kwenye mstari wa kusimama, unapata magari ambayo kijani kiliruhusu, si yale yaliyotaka kupita. Tuseme wamepita 150, foleni ilikuwa na magari 12 kipindi kilipoanza, na 40 kilipoisha. Mahitaji ni 150 + (40 − 12), yaani 178, sawa na 712 kwa saa. Ukiandika 600, utapanga taa za barabara ambayo haipo.

Ramani ya OpenStreetMap, ile ya bure ya mtandaoni, huingia SUMO kwa netconvert, kigeuza ramani chake, na haiji safi. Makutano ya barabara mbili pana mara nyingi huja kama nukta nne, kila moja na taa yake, na magari hukwama katikati. Ziunganishe nukta na taa hizo kwa --junctions.join na --tls.join, kisha fungua netedit, kihariri cha ramani cha SUMO, ukague kwa macho kila leni na kila mkato. Nchi ambako watu huendesha upande wa kushoto, usisahau --lefthand. Mpango wa taa usiposomwa kutoka kwenye data, netconvert hutunga wake wenye mzunguko wa sekunde 90. Huo ni wa kujazia tu, usiutumie kama hali ya sasa ya kulinganishia. Nenda na saa mkononi ukapime taa zilizopo.

Sasa chukua kalamu. Kanuni ya Webster, mtafiti wa taa za barabarani, ya 1958 bado ndiyo pa kuanzia: mzunguko kwa sekunde ni (1.5L + 5) ukigawa kwa (1 − Y). L ni muda unaopotea katika mzunguko mzima; Y ni jumla ya uwiano wa mahitaji kwa uwezo katika leni iliyolemewa zaidi ya kila awamu, yaani kila zamu ya kijani. Mfano mwingine: awamu mbili, sekunde 4 zikipotea kila moja: L ni 8. Barabara kuu ina magari 600 kwa saa, ya pembeni 450, uwezo wa leni ukiwa 1,800. Uwiano ni 0.333 na 0.25, Y ni 0.583, mzunguko ni sekunde 41 hivi. Ukitoa 8 zinabaki 33: kuu 19, pembeni 14.

Lakini watembea kwa miguu wanaovuka barabara kuu huvuka wakati wa kijani cha pembeni. Upana wa mita 14 kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde ni sekunde 12, na ongeza 7 za kuanza kuvuka: jumla 19. Kijani cha 14 hakitoshi. Pandisha pembeni hadi 19, kuu ifuate kwa uwiano hadi 25, mzunguko uwe 52. Gharama ni ndogo, kwani kati ya robo tatu na mara moja na nusu ya mzunguko wa Webster, ucheleweshaji haubadiliki sana. Programu ndogo inayokuja na SUMO, tlsCycleAdaptation.py, hufanya hesabu ya Webster kwa mtandao mzima, ila mvukaji ni juu yako kumkumbuka. Na Y ikikaribia 1, kanuni hutoa mizunguko ya ajabu. Hapo tatizo ni leni, si sekunde.

Kabla ya kulinganisha mipango, pima uwezo ndani ya modeli yenyewe. Gari la kawaida la SUMO lina urefu wa mita 5, nafasi ya mita 2.5 nyuma ya gari la mbele likisimama, na tau, yaani muda ambao dereva huuacha kati yake na gari la mbele, ya sekunde 1, na kwa mipangilio hiyo foleni inaweza kufumuka haraka kuliko ya barabarani kwako. Weka kitambuzi cha magari kwenye mstari wa kusimama, acha magari manne ya kwanza, pima pengo la muda kati ya yanayofuata. Uwezo wa 1,800 unamaanisha sekunde 2. Yakipita haraka mno, pandisha tau kidogokidogo. Usiishushe chini ya hatua ya simulesheni, yaani muda ambao programu husonga kila inapokokotoa. Pikipiki zikiwa nyingi, washa --lateral-resolution, inayoruhusu magari kugawana leni, la sivyo kila moja itashika leni nzima. Kisha linganisha idadi ya magari kwa GEH, kipimo cha tofauti kati ya hesabu ya barabarani na ya modeli: 600 barabarani na 550 kwenye modeli ni 2.1, inakubalika, 450 ni 6.5, rudi ukatafute kosa. Desturi ni chini ya 5 kwa angalau asilimia 85 ya vipimo.

Mtego mbaya kuliko yote ni time-to-teleport, muda ambao gari likikwama huhamishwa. Gari likikwama sekunde 300, SUMO huling'oa na kulipeleka mbele, na msongamano unayeyuka kimiujiza. Soma idadi ya teleport mwishoni mwa kila jaribio. Zikiwa nyingi, matokeo hayo tupa. Ndugu yake ni departDelay: barabara ya kuingilia ikijaa, magari husubiri nje ya ramani, na kusubiri huko hakumo kwenye timeLoss, muda ambao gari hupoteza likiwa barabarani. Jumlisha vyote viwili, na uwashe --tripinfo-output.write-unfinished ili magari ambayo hayajafika nayo yahesabiwe.

Taa zinazofuatana lazima zitumie mzunguko mmoja. Mita 400 kwa kilomita 50 kwa saa ni sekunde 29 za kuchelewesha kijani cha mbele, ukipunguza kama sekunde 2 kwa kila gari ambalo tayari limesimama pale. Kwa mwelekeo wa pili usitarajie bahati hiyohiyo.

Mwisho, usipoigusa --seed, yaani namba ya mbegu inayoanzisha nasibu, SUMO hurudia nasibu ileile. Endesha mbegu kumi, zilezile kwa mpango wa zamani na mpya, ukitupa dakika 15 za mwanzo. Faida ikiwa ndogo kuliko tofauti kati ya mbegu, huna faida. Angalia pia foleni ndefu kuliko zote kwa kila upande: wastani unaweza kushuka huku mkia wa barabara ya pembeni ukifunga makutano ya nyuma yake.