Usaili wa Askari wa Uhifadhi: Andaa Miguu Kabla ya Pumzi

Kila yanapotoka matangazo ya nafasi za askari wa uhifadhi, iwe ni TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa), TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori) au Mamlaka ya Ngorongoro, vijana hunipigia simu kuuliza mbio za usaili ni za kilomita ngapi. Mimi huwajibu kwamba umbali hutegemea wasimamizi, na kwamba kijana anayeweza kukimbia kilomita tano mfululizo bila kusimama hana haja ya kuukosea usingizi usaili wenyewe. Kazi iko mbele yake. Tangu lilipoundwa Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu mwaka 2020, waajiriwa hupitia mafunzo ya kijeshi, mathalani katika kituo cha Mlele mkoani Katavi, kisha hupelekwa hifadhini, ambako doria ni kutembea kutwa nzima huku mzigo ukiwa mgongoni.

Hebu tupige hesabu ya mzigo huo. Lita nne za maji ni kilo nne, bunduki ya AK-47 yenye risasi huzidi kilo nne, na bado hujaweka unga, sufuria, turubai, chandarua na nguo za kubadilisha. Gari haliwezi kukuokoa kila mahali: Hifadhi ya Nyerere peke yake ina ukubwa wa kilomita za mraba 30,893, na ndani ya Mahale hakuna barabara kabisa. Nimewaona makuruta waliokuwa wa kwanza katika mbio wakiomba kupumzika kabla ya saa sita mchana, huku wenzao waliokuwa wa katikati wakiendelea kutembea bila shida.

Kwa hiyo, ushauri wangu ni kwamba nusu ya mazoezi yako yawe ya kutembea na shanta, yaani begi la mgongoni. Anza na kilo tano, uongeze kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili hadi ufike kilo 15, na usikimbie ukiwa umeubeba mzigo huo, kwa kuwa magoti hayatakusamehe. Tumia chupa za maji badala ya mawe, ili ukiumia mbali na nyumbani umwage maji na kurudi ukiwa mwepesi. Nchini Marekani, wazimamoto wa misituni hupimwa kwa kutembea takriban kilomita 4.8 wakiwa na kilo 20 ndani ya dakika 45, na anayekimbia hahesabiwi kuwa amefaulu; nakipenda kipimo hicho kwa sababu kinafanana na kazi yenyewe.

Pumzi huimarika ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huhitaji miezi, na ndiyo maana wanaoanza mazoezi tangazo likiwa limeshatoka huishia kuumwa ugoko. Maumivu yaliyotapakaa kwenye ugoko mara nyingi hutulia ukipunguza mwendo na umbali. Yakiwa sehemu moja ndogo, ambayo ukiibonyeza kwa kidole unaruka, acha mazoezi uende hospitali, maana huenda mfupa umeanza kupata ufa.

Buti mpya zivaliwe wiki kadhaa kabla ya safari yoyote ndefu. Lengelenge dogo nyuma ya kisigino likipasuka siku ya kwanza ya doria, siku zinazobaki wenzako watakubebea mzigo, na hakuna anayefurahia jambo hilo. Joto nalo lina mazoezi yake: aliyekulia Njombe au Makete mwili wake huhitaji hadi wiki mbili kuzoea jua la Katavi, hivyo baadhi ya mazoezi yahamishie alasiri, taratibu, ukiwa na maji ya kutosha.

Pima shinikizo la damu na macho mapema, si siku ya uchunguzi wa afya, ili kama kuna tatizo linalotibika upate muda wa kulitibu.

Katika wiki ya mwisho punguza mazoezi hadi nusu na ule chakula ulichokizoea. Asubuhi ya usaili kunywa uji zikiwa zimebaki saa mbili kabla ya mbio, na hizo soda za kuongeza nguvu zinazouzwa nje ya uwanja waachie wauzaji wenyewe.